Fundi wa klachi za skuta Chikongola, mwenye mizani ya sonara

Kama una skuta ya mkanda hapa Mtwara na inapiga kelele huku haisogei, usikimbilie kununua pistoni, na kabureta iache kwanza. Nenda Chikongola, mitaa ya nyuma ya maduka ya spea, uulizie fundi wa skuta mwenye mizani ya sonara. Ukiitaja hiyo mizani watakuelekeza bila kufikiri. Mimi nimempelekea Yamaha Jog yangu, mdogo wangu naye akampelekea ya kwake, na tulikuwa na mahitaji yanayopingana kabisa. Wote wawili tumeondoka tumeridhika, jambo ambalo sijaliona kwenye gereji nyingi.

Mimi naoka keki na kuzipeleka mwenyewe kwa wateja, Shangani, Ligula, hadi Mikindani. Jog yangu ni ya cc 50, mtumba wa Japani wa miaka ya 1990, zile zinazounguza oili pamoja na petroli. Shida yake ya kwanza ilikuwa kuondoka: inasita, halafu inaruka ghafla, na keki ya ngazi mbili haivumilii kurushwa. Shida ya pili ilikuwa kilima. Nikifika Mikindani na kuanza kupanda kuelekea Boma la Kale, injini inashuka sauti, inakata pumzi, na mimi nimeshika resi hadi mwisho. Gereji niliyokuwa nikienda zamani walinifungia mkanda mpya, wakachukua hela, tatizo likabaki palepale.

Mdogo wangu yeye ana homa ya mashindano. Jumapili alfajiri, kabla watoto hawajaingia uwanjani kucheza mpira, yeye na wenzake wanapanga skuta mstari mmoja, mita mia, nani anachomoka kwanza. Usiku anamaliza bando akiangalia video za Wamarekani na Wakanada wanaoshindanisha pikipiki za theluji za zamani. Theluji hatuijui huku, lakini ile mitambo inatuhusu. Yamaha hiyohiyo iliyotengeneza Jog zetu ilitoa pikipiki yake ya kwanza ya theluji, SL350, mwaka 1968. Haina gia za kubadilisha kwa mguu. Ina puli mbili na mkanda katikati, sawasawa na skuta, na wazo hilo lilikwishaingia kwenye magari mwaka 1958 kupitia DAF ya Uholanzi. Wale wazee wa mashindano, ambao siku hizi hushindana hata kwenye nyasi na kwenye lami, wanatumia muda mwingi sana kwenye klachi: wanabadilisha vyuma vya uzito, wanabadilisha springi, wanabadilisha pembe ya mtelezo wa puli ya nyuma, wanajaribu tena. Mdogo wangu alikuwa ananieleza hayo kila siku, ila alikosa fundi wa hapa anayeyajua kwa mikono.

Huyu anayajua. Nilipofika akaiwasha, akaizungushia waya wa plagi saa ndogo ya kupima mizunguko, akapanda, akazunguka mtaa mmoja, akarudi. Akaniambia, "Dada, injini yako nzima kabisa. Inalazimishwa kufanya kazi mahali ambapo haina nguvu."

Maelezo yake nayaweka hapa kwa sababu yatakusaidia hata kama utakwenda kwa fundi mwingine. Ndani ya puli ya mbele kuna rola sita. Injini ikizunguka, rola zinatupwa nje, zinabana puli, mkanda unapanda juu. Huku nyuma puli nyingine inafunguka ikishindana na springi kubwa. Kuhama kwa mkanda ndiko kubadilisha gia kwenyewe. Rola nzito zinabana mapema, injini inatulia na kula mafuta kidogo, lakini ikikutana na kilima haina pa kukimbilia. Rola nyepesi zinachelewa kubana, kwa hiyo injini inapanda mizunguko zaidi kabla mkanda haujahama. Jog ya aina yangu nguvu zake nyingi ziko karibu na mizunguko 7,000 kwa dakika. Basi kazi ni kutafuta uzito utakaoiweka injini hapohapo, resi ikiwa mwisho, mkanda ndio uhangaike kuhama. Yangu ilikuwa inapanda kilima kwenye 5,800.

Alipofungua kifuniko, ndani kulikuwa na vumbi jeusi la mkanda, mchanga wetu wa pwani, na kutu ya chumvi kwenye uso wa puli. Bolti ya mbele aliifungua kwa kishikizo cha chuma alichokichomelea mwenyewe, chenye meno mawili ya kuingia kwenye matundu ya puli. Nalisema hili kwa sababu mapanga mawili ya feni yangu yalikuwa yamevunjika, na alinionyesha alama ya bisibisi iliyochomekwa pale kuzuia injini isizunguke. Hiyo ni kazi ya waliotangulia. Iliniuma, maana feni ile ndiyo inayopooza mkanda.

Kisha akazitoa rola, akazipanga juu ya gazeti kwa mpangilio uleule zilivyokaa ndani. Sikuwahi kuziona. Rola nzima ni duara kamili, plastiki ngumu nje na chuma ndani. Zangu zilikuwa na ubavu uliolala, kama punje ya hindi iliyobanwa na wenzake kwenye gunzi. Rola ya namna hiyo haiviringiki. Inakwama pale ilipolala, halafu nguvu ikizidi inaachia kwa pigo moja, na ule ndio mruko uliokuwa unanivunjia keki. Akawasha mizani. Rola zilizotakiwa kuwa na gramu 7.5 kila moja zilisoma 7.4, 7.3, 7.0, hadi ya mwisho 6.8. Hakuna iliyosukuma sawa na mwenzake. Mkanda mpya niliofungiwa kule ulikuwa unahangaika bure.

Kuna kitu kimoja alikifanya ambacho nawaomba mafundi wote wakiige. Kabla ya kuweka rola mpya, alizirudisha zile mbovu, akachukua maka peni, akachora mstari kwenye uso wa puli kuanzia katikati hadi ukingoni. Akafunga, tukaenda barabara ya kuelekea uwanja wa ndege, akaipa resi yote, tukarudi, akafungua. Mkanda ulikuwa umefuta wino mpaka mahali fulani tu. Upana wa kidole, kuelekea ukingoni, wino ulibaki kama ulivyochorwa. Maana yake mkanda ulikuwa haufiki juu, yaani kuna mwendo niliolipia ambao sijawahi kuutumia. Baada ya rola mpya akachora tena, tukaenda tena, na safari hii wino ulifutika karibu wote. Mteja huna haja ya kuamini maneno ya mtu. Unaangalia wino.

Uzito wenyewe aliutafuta taratibu. Alianza na gramu 6.5 zote sita, saa ikasoma 6,600 kwenye mwinuko. Akachanganya tatu za 6 na tatu za 6.5, akizipanga kwa kupishana ili puli isiegemee upande, ikatulia kati ya 6,900 na 7,000. Hapo akaacha. Njia za rola alizifuta kwa kitambaa chenye thina, zikabaki kavu. Mtu aliyekuwa amekaa pale akauliza mbona hapaki grisi, akamjibu kwamba grisi ikirukia mkanda unateleza na kazi yote imekwisha. Bakuli la klachi, ambalo shuu hung'ata ndani yake ili tairi la nyuma lizunguke, lilikuwa linang'aa kwa ndani, akalipiga msasa kidogo, na shuu za klachi hivyohivyo. Nilimuuliza kama aniwekee springi kubwa ngumu kwa nyuma, maana mdogo wangu alinishawishi. Akakataa. Springi ngumu inaurudisha mkanda chini haraka ukikutana na kilima, lakini inaupasha moto, na joto la Mtwara halihitaji msaada. Nilikubali, na sijajuta.

Sasa ya mdogo wangu. Yeye alitaka kuchomoka tu, mengine hayamhusu. Kwa mashindano ya mwendo mfupi siri iko kwenye zile springi tatu ndogo za klachi, zinazoamua shuu zitang'ata bakuli injini ikiwa kwenye mizunguko mingapi. Zikiwa ngumu, klachi inashika kwa kuchelewa, injini ikiwa tayari imechangamka. Wa pikipiki za theluji wanafanya jambo lilelile kwenye klachi ya mbele. Wapo wanaopandisha mahali pa kushika hadi 5,000 na zaidi. Mdogo wangu akang'ang'ania springi ngumu kuliko zote zilizokuwepo, na rola za gramu 5.5. Fundi alimwonya, akamfungia alivyotaka. Uwanjani, baada ya kuondoka mara chache kwa nguvu, pakanuka kuungua. Walipofungua, bakuli lilikuwa limegeuka rangi ya bluu kwa joto, kwa sababu klachi ilikuwa inasugua badala ya kushika. Fundi akamshusha hatua moja ya ugumu, bakuli likapata msasa, na tangu hapo anachomoka mbele ya wenzake bila moshi.

Nimeipanda ile skuta yake. Kwenye mita za mwanzo inakuvuta hadi unashika usukani kwa mikono miwili na kuomba Mungu, lakini kwenye barabara ya Mikindani inalia mwanzo hadi mwisho, inakunywa petroli, na mwendo wake wa juu umepungua. Kwa mwenye mzigo ni adhabu. Kwa uwanja wa mpira alfajiri ni sawasawa na alivyoomba, na fundi alimwambia hayo yote kabla hajagusa spana.

Kasoro zipo. Hana haraka, na usimharakishe. Skuta yangu ililala pale zaidi ya nilivyoahidiwa, nikawa nakodi bodaboda kupeleka oda. Spea hana za kutosha: rola za uzito wa kawaida anazo, lakini springi na uzito wa nusu nusu anaagiza Kariakoo, zinakuja na basi, na basi likichelewa na wewe unachelewa. Hana risiti. Pa kukaa ni ndoo iliyopinduliwa, na kivuli cha mwembe kinahama baada ya saa sita. Simu akiwa kazini hapokei. Feni yangu iliyovunjika bado sijapata mbadala. Amenishauri niendelee nayo lakini nisikae na resi ya mwisho kwa muda mrefu mchana.

Bei: rola sita nilizichukua kwa 15,000, ufundi pamoja na majaribio yote 20,000. Mdogo wangu naye alilipa 35,000, springi zikiwemo, na ile mara ya pili alipopunguziwa ugumu hakudaiwa ufundi. Kwa kulinganisha, ule mkanda ambao sikuuhitaji ulinigharimu 40,000.

Nenda asubuhi kabla jua halijakuwa kali, na uende na skuta ikiwa inawaka, kwa sababu hafungui kitu ambacho hajakipanda kwanza. Kama una rola za zamani nyumbani, hata kama ni mbovu, zibebe. Anazipima, anazitumia kujaribu uzito kabla hujanunua mpya. Na uwahi kabla msimu wa korosho haujaanza Oktoba. Hela ikishaingia mjini kila mtu anakumbuka kutengeneza chombo chake, na pale kwake foleni inafika barabarani.