Detekta ya dhahabu inalia hovyo? Usichimbe kwanza, sikiliza hapa (Gold Monster 1000, niko Nzega)

Sikilizeni hiyo. Ngoja niisogeze karibu na maiki... mmesikia? Tii, tii-tii, tii, kama kifaranga kaachwa na mama yake. Na angalieni, koili, ile sahani ya chini inayonusa, iko hewani, usawa wa kiuno, haijagusa kitu, chini ni majani matupu. Sasa mpwa wangu chukua simu rudi nayo nyuma, rudi, rudi, hapo hapo. Kimya. Mmeona wenyewe? Kelele yote ile ilikua inatoka kwenye simu hii hii tunayorekodia.

Haya, mwangaluka wadau, kwa Wasukuma na Wanyamwezi wenzangu, na wengine wote habari zenu. Leo niko Nzega, mkoa wa Tabora, na hii mkononi ni Minelab Gold Monster 1000. Mmeniandikia sana mnasema kiongozi mashine yangu inalia kila sehemu, kiongozi nimeuziwa mbovu, kiongozi nimechimba mpaka kiuno hakuna kitu. Nawaelewa, mimi mwenyewe wiki ya kwanza nilichimba mashimo kumi na moja kwa siku moja, jua lote la huku mnalijua, simu iko mfuko wa shati, kila nikiinama kufukua ndo inazidi kulia, na mimi ndo nazidi kuamini nimekaribia. Aibu, ila ndo tulivyoanza.

Kwanza muielewe hii mashine kidogo, maana bila hapo hamtanielewa mbele. Ilitoka 2017, inafanya kazi kwa mawimbi ya kilohezi 45, ni mawimbi ya juu kulinganisha na detekta nyingi za kutafutia sarafu, na ndo maana inashika punje ndogo sana, hata ile unayoitafuta kwenye kiganja huku umekunja macho. Sasa kitu chenye masikio makali hivyo kinasikia na umbea pia. Mashine inarusha mawimbi chini, halafu inasikiliza mrejesho mdogo mnoo, kwaiyo chochote kinachorusha mawimbi karibu yake, au udongo wenye chuma chuma, yenyewe itakwambia kuna kitu. Haijadanganya, imekwambia ilichosikia. Kazi ya kujua ni nini ni yako.

Kitu cha kwanza kabisa mashine ikianza fujo: simama. Usitembee, usipunge, inua koili mpaka kiunoni na uishike imetulia kabisa, uhesabu mpaka ishirini. Ikiendelea kulia wakati haitembei, hiyo sio ardhi na sio dhahabu, dhahabu hailii kama koili haitembei juu yake. Hiyo ni kelele ya kutoka nje, au ni mashine yenyewe, waya au betri. Ikinyamaza ukiwa umesimama, halafu ikaanza tena ukirudisha chini na kupunga, hapo ndo tunaongea habari ya udongo na mawe. Hicho kipimo tu kingeniokoa mimi mashimo yangu tisa kati ya yale kumi na moja.

Tuanze na kelele ya nje. Simu ndo adui namba moja na huku porini ni mbaya kuliko mjini, watu hawajui hili, mtandao ukiwa hafifu simu inatumia nguvu nyingi zaidi kuutafuta mnara, kwaiyo kule ambako unaona hakuna hata kijiti kimoja cha mtandao ndo inapiga kelele zaidi. Zima kabisa, au weka ile alama ya ndege. Pia powabanki kama inachaji, redio kol, bodaboda inayounguruma pembeni (plagi yake inarusha cheche na detekta inazisikia), inveta ya sola, na nyaya za umeme. Nyaya kubwa zile zinazopita porini wala usibishane nazo, umeme wetu ni hezi 50 lakini unakuja na watoto wake wa mawimbi ya juu, sogea tu mpaka kelele ishuke. Na hii mashine ukiiwasha inajipanga yenyewe kukwepa kelele, kwaiyo usiiwashie nyumbani chini ya transfoma halafu ukatembea nayo inawaka mpaka saiti. Zima, fika, simama mbali na kila kitu, washa upya.

Na nyie mnaotembea watatu watatu na mashine za aina moja, mnapigiana kelele wenyewe kwa wenyewe. Nimeona vijana wanatembea bega kwa bega kama wanaenda harusini, kila mmoja anamwambia mwenzake yako mbovu. Achaneni nafasi, ongezeni hatua mpaka zote zinyamaze.

Radi pia inasikika, kale ka-krak krak kabla hata hujaona wingu vizuri. Msimu wa mvua huku ukianza Novemba ukisikia hivyo usikae kusawazisha mashine, ondoka porini, umeshika fimbo ya chuma wewe.

Upande wa mashine ni haraka tu. Tingisha waya wa koili pale unapoingia kwenye kiboksi, ikilia wakati unatingisha, kaza ile nati yake, na waya uzungushe kwenye fimbo ubane, usiache unaning'inia ukipigapiga. Fungua kile kifuniko cha chini ya koili, humo mchanga mweusi unajazana, ule ni chuma kabisa, uko umebandika milimita mbili kutoka kwenye koili unategemea nini. Osha kwa maji, koili inastahimili maji mpaka mita moja, kiboksi cha juu HAPANA msije mkasema mimi nimewaambia. Chaji betri. Vua mabuti yenye chuma mbele, ondoa panga kiunoni, sururu iache nyuma yako.

Sasa tuje kwenye ardhi, na hapa ndo nataka mkae chini kabisa kwasababu Tabora hii ardhi yetu ni mwalimu mkali.

Ule udongo mwekundu wenye vikokoto vya kahawia, vizito, vingine vinang'aa kama vimepakwa mafuta, ile ni chuma. Mashine inajisawazisha yenyewe na udongo, ila ukitoka ghafla kwenye udongo mwekundu ukaingia kwenye mchanga mweupe, au ukapita juu ya jiwe moja lenye chuma kuliko majirani zake, inashtuka. Hayo mawe sisi tunayaita mawe moto ingawa ni ya baridi kabisa ukiyashika. Beba sumaku ndogo, ile ya spika mbovu inatosha, jiwe likinasa umejua.

Halafu kuna hii ambayo kwenye video za Australia hawatakuambia: mabani ya tumbaku, vile vibanda vya kukaushia tumbaku kwa moto. Ukienda Urambo, Sikonge, hata huku kwetu, kuna sehemu zilikua na bani miaka hiyo, bani limeanguka, ukuta umerudi kuwa udongo, majani yameota, huoni kitu, ila mashine inalia duara zima. Moto ukikaa sana kwenye udongo wenye chuma unaubadilisha, unakua unashika sumaku kuliko mwanzo. Tanuri la mkaa hivyo hivyo, tanuri la tofali ndo usiseme, chukua kipande cha tofali la kuchoma upitishe mbele ya koili hapa... umesikia? Tofali. Kwaiyo ukikuta mlio umesambaa eneo kubwa, sio kidoti, chimba kidogo na vidole uangalie kama kuna mkaa au udongo wa rangi ya chungu. Ukiuona, sogea.

Na mbuga, ile ya udongo mweusi, mvua ikinyesha ikalowa ina chumvi chumvi zake, mashine inaimba. Shusha sensitiviti, yaani ukali wa masikio yake, au usubiri ikauke, mimi nasubiri.

Kuna mzee mmoja jirani na saiti yetu, nilikua nachimba, mlio ulikuwepo juu, nikatoa udongo kidogo, ukapotea. Akaniambia mjukuu wangu, dhahabu imehama, umekuja na mkosi, kamtafute mtu akusaidie. Nikamjibu shikamoo babu, asante, nikainama nikapitisha koili kwenye rundo la udongo niliotoa. Kikapiga. Kalikua kamsumari ka kiatu. Ndo "kuhama" kwenyewe huko, kitu umekitoa na udongo bila kukiona. Na ukipima rundo kimya, shimo kimya, basi kilikua ni kelele ya udongo, umeivuruga ikatawanyika. Sio jini. Samahani babu kama unatazama.

Mlio wa kweli nautambua hivi. Napita kulia kushoto, halafu nageuka najipanga napita kutoka upande mwingine, kama msalaba. Kitu cha kweli kinalia sehemu ile ile pande zote mbili, kifupi, kimekatika vizuri. Kelele inalia upande mmoja, ukigeuka inasogea au inapotea. Halafu nakwangua juu kwa mguu, sentimita tatu hivi. Kitu cha kweli mlio unakua MKALI zaidi kwasababu umekikaribia. Udongo unabaki vile vile au unafifia. Na nikishusha sensitiviti namba mbili, mlio wa udongo mara nyingi unakufa, wa kitu cha kweli unapungua ila upo.

Na acheni kupunga kama mnafyeka majani! Mkono unapanda juu mwisho wa kila upande, koili inaachana na ardhi, inarudi, inalia kila mwisho wa mpungo. Iwe sambamba na ardhi mwanzo mpaka mwisho, taratibu.

Kuhusu kile kioo kinachoonyesha upande wa chuma na upande wa dhahabu, mimi nakiamini nusu. Bati bapa lililooza na kizibo cha soda vinaweza kukuonyesha dhahabu, na punje ya kweli iliyolala kwenye udongo wa chuma inaweza kuonyeshwa chuma. Ndo maana ile modi ya kukataa chuma natumia sehemu zenye takataka tu, karibu na makazi au reli. Reli ya kati ilifika Tabora 1912, miaka zaidi ya mia misumari inadondoka, fikiria.

Nikigusa reli nawaona wale wa mali ya Mjerumani mnaamka. Ni kweli, 1916 Wajerumani walitengeneza sarafu za dhahabu za rupia 15 hapa hapa Tabora, zina tembo, dhahabu ilitoka mgodi wa Sekenke. Hiyo ni historia. Ila kwenda kuchimbachimba kwenye majengo ya kale usiku na detekta kuna Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, msinitaje.

Je ninunue? Kama unatafuta punje ndogo juu juu, sentimita chache, na unaweza kuvumilia kujifunza, mimi ningenunua tena. Kama udongo wako ni mwekundu wa chuma kweli kweli na unataka kwenda chini sana, mashine ya aina hii itakuchosha, tafuta za palsi, zile zinazorusha mawimbi kwa mapigo mapigo, zinavumilia udongo huo zaidi japo bei ni nyingine kabisa. Na ukinunua kwa mtu, usilipe mpaka umeiwasha mbele yake, simu zote zimezimwa, ukaishika imetulia hewani ukahesabu ile ishirini. Muuzaji akianza kukuharakisha ukiwa kumi na mbili, mrudishie.

Mpwa lete simu, tuizime sasa, nina mlio kule kwenye mwembe nimeupita mara tatu na bado uko pale pale.