Mkasi wa mashoto: usidanganywe na mpini

Mugonile, watazamaji wangu, na wakubwa wote shikamooni. Leo nipo hapa Mwanjelwa, Mbeya, na mezani nina kitu kimoja tu: mkasi wa fundi, inchi 9, muuzaji anasema ni wa mashoto. Mimi nakata kwa kushoto tangu najifunza cherehani, kwa hiyo tuone.

Kabla ya kukata chochote, tuuhakiki. Chukua mkasi wowote ulio nao hapo ulipo, ncha zielekee mbele, ufungue kidogo. Mkasi ni visu viwili na skrubu, sivyo? Sasa angalia kisu kilicho upande wako wa kulia. Kama ndicho kilicho juu, huo ni mkasi wa kulia. Ugeuze chini juu, bado cha kulia kitakuwa juu. Wa mashoto ni kinyume chake. Huu hapa... mnaona? Cha kushoto ndicho kimepanda. Haya, hajatudanganya.

Nakazania hapo kwa sababu dukani utaambiwa "huu unashika mikono yote", eti kwa kuwa matundu ya vidole yanalingana. Jamani, matundu hayakati nguo! Ukibana mkasi kwa mkono wa kulia, dole gumba linasukuma nje na vidole vingine vinavuta kuelekea kiganjani. Msukumo huo ndio unaokutanisha makali. Hamishia mkasi uleule kushoto, na nguvu ileile inayaachanisha. Kitambaa kinalala katikati, kinatafunwa badala ya kukatika. Hapo mwanafunzi wa ufundi anagombezwa kwamba hajui kukata, kumbe tatizo ni mkasi alioushika na wala si yeye. Na si watu wachache hao, inakadiriwa ni mmoja katika kila watu 10.

Kuna na mstari wa chaki. Kwa mkasi wa kulia, mtu wa mashoto anafunikiwa mstari na kisu cha juu, inabidi apinde shingo kuchungulia. Huu wa leo, tazama, chaki yote naiona. Kwangu mimi hii peke yake inalipia nusu ya bei.

Nakata kitenge kwanza. Safi, mpaka ncha. Sasa kitambaa cha koti, maana Juni na Julai hapa kwetu mnajua baridi ilivyo, kazi zote ni za nguo nzito. Mikunjo miwili... inapita. Nikiongeza ya tatu unaanza kugoma, lakini hata mikasi ya kulia ya ukubwa huu hugoma hapo. Tundu la dole gumba limelazwa upande wetu, haliumi. Wenzangu wenye sugu hapa chini ya dole gumba wananielewa.

Kasoro sasa, na hii muuzaji hakuambii. Ukiwa fundi mzoefu wa mashoto, umeshazoea kuulazimisha mkasi wa kulia, gumba lako limejifunza kuvuta pale wengine wanaposukuma. Ukishika huu na mazoea yale, utakata vibaya kuliko zamani! Mkono lazima ujifundishe upya, na wateja wa sare za shule hawasubiri. Kwa hiyo ukiniuliza, mnunulie mwanao au mwanafunzi wako anayeanza leo. Fundi mkongwe mwenye kazi nyingi, nenda taratibu, anza na vipande vya mabaki.

Ajabu ni kwamba cherehani yenyewe haina ugomvi na sisi. Gurudumu liko kulia, nguo inakaa kushoto na mkono wa kushoto ndio unaoiongoza. Shida yetu yote iko kwenye meza ya kukatia.

Kunoa: wale vijana wa baiskeli wanaopita mtaani wamezoea mikasi ya kulia. Simama naye, mwambie afuate mteremko wa makali uliopo, na upande wa ndani asiuguse kabisa. Faida moja ya ziada, hakuna atakayeuazima. Jirani yangu anayetumia mkono wa kulia kaujaribu, karudisha mwenyewe bila kuombwa.

Bei ni zaidi ya mara mbili ya mkasi wa kawaida, na hapa sokoni sikuukuta, niliagiza Dar. Na wewe ukiagiza, mwambie muuzaji apige picha kwa kamera ya nyuma, mkasi umefunguliwa, na pembeni aweke kitu chenye maandishi. Simu nyingine hugeuza picha za kamera ya mbele, na mkasi wa kulia hapo unaonekana wa kushoto. Maandishi yakisomeka vizuri, na kisu cha kushoto kiko juu, tuma hela.