Walinipa fedha za ubunifu darasani, wakanidai risiti ya mashine

Kama wewe ni mwanachuo wa ualimu na umesikia kuna mradi unagawa ruzuku ndogo kwa walimu wanafunzi wabuni zana za kufundishia, soma kwanza haya yaliyonipata mimi. Jina la mradi silitaji. Waliopitia pale wataujua.

Naanza na siku iliyonitoa machozi. Nilikwenda ofisini kwao kufanya marejesho ya fedha, yaani kuonyesha kwa risiti nilivyozitumia, nikiwa na bahasha yangu, kila shilingi nimeiandika. Dirishani yuko baba mmoja, umri wa baba yangu mzazi. Nikamwambia, "Shikamoo." Hakuitika. Nikadhani hajasikia, nikarudia. Akanyoosha mkono tu kupokea bahasha, macho kwenye simu. Mimi nimelelewa Pwani. Kwetu mtu mzima akiikataa shikamoo ya mtoto, basi mtoto huyo amekosa jambo kubwa, na mimi sikuwa nimekosa kitu.

Akachambua karatasi moja moja. Alipofika kwenye orodha ya manunuzi akasimama, akamgeukia mwenzake wa meza ya nyuma, akasoma kwa sauti: "Fagio, thelathini." Wakacheka wote wawili. Kisha akaniambia, "Binti, tumekupa hela ukafundishe au ukafagie shule?"

Ngoja nieleze hizo fagio.

BTP yangu ya pili, yaani mazoezi ya kufundisha, nilipangiwa shule ya msingi katika kijiji kimoja Mkuranga, nikapewa Hisabati darasa la tatu. Watoto 118 chumba kimoja. Walikuwa wanajumlisha vizuri, hata kutoa walitoa, ila ukiwaandikia 402 kutoa 178 darasa zima linazama. Mbili haitoshi kutoa nane, unakwenda kukopa kwa jirani, jirani ni sifuri. Wengi walikuwa wanageuza tu, wanatoa mbili kwenye nane, wanaandika sita, wanaendelea. Ukimuuliza kwa nini, anakuangalia. Hajui kwamba ile nne mwanzoni ni mia nne, kwake ni nne tu.

Ombi langu lilikuwa hilo. Masanduku 12 ya mbao, kila moja lina vyumba vitatu vya mamoja, makumi na mamia, moja kwa kila kundi la watoto kama kumi. Ndani vijiti. Vijiti kumi unavifunga na mpira, linakuwa kumi. Mafungu kumi unayafunga pamoja, inakuwa mia. Ukitaka kukopa unafungua fungu kwa mkono wako mwenyewe. Na vijiti kwa ukanda wetu unavipata wapi kwa bei ya chini kuliko chelewa? Mnazi upo kila ua. Nikanunua fagio 30 za chelewa kwa mama mmoja gulioni, elfu moja moja, tukazikata kila uti vipande vitatu, mimi na wenzangu wawili tuliopanga chumba pamoja, usiku tatu mfululizo. Vidole vilichubuka.

Na haya hatukujitungia. Chuoni tunafundishwa kutengeneza zana za gharama nafuu kutoka mazingira ya mtoto. Fomu yao ya maombi, kurasa tatu za Kiswahili kizuri, ilisema hivyohivyo: vifaa vinavyopatikana katika mazingira ya mwanafunzi. Niliipenda ile fomu. Nilisema hawa watu wanajua shule.

Ruzuku yote ilikuwa shilingi 400,000. Awamu ya kwanza 240,000 iliingia kwenye simu bila usumbufu, na hapo nawapa haki yao, hawakuchelewesha hata siku. Mtu asiyejua shule zetu atasema ni fedha ya mboga. Serikali inatoa ruzuku ya uendeshaji shilingi 10,000 kwa mtoto wa msingi kwa mwaka, na katika hizo 4,000 ni za vitabu. Hiyo inayobaki ndiyo chaki, ndiyo mitihani, ndiyo ukarabati. Mwalimu mkuu wangu hawezi kutoa 240,000 kwa ajili ya somo moja la darasa moja hata akitaka, na alitaka.

Nilivyoitumia: fundi seremala wa kijijini 144,000 kwa masanduku yote, fagio 30,000, dukani mjini kwa manila, rangi, kalamu za wino mzito na mipira ya kufungia 41,000, bodaboda 25,000. Duka la mjini lilitoa risiti ya EFD, ile mashine ya kodi. Fundi hana mashine. Mama wa fagio anauza kwenye mkeka, mashine ataichaji wapi? Wafanyabiashara wadogo kama hao TRA yenyewe, mamlaka ya mapato, haiwalazimishi mashine. Fundi akaniandikia kwenye karatasi ya daftari, "Nimepokea," akatia sahihi na namba ya simu. Mama wa fagio akatia dole gumba. Nikazipeleka zote kwa mtendaji wa kijiji, akasoma, akagonga muhuri. Nilijua nimemaliza.

Yule baba akainua karatasi ya fundi kwa ncha mbili za vidole, kama kitu kilichookotwa. "Muhuri wa mtendaji si mashine." Akanipigia hesabu palepale: inayotambulika ni 41,000. Iliyobaki, 199,000, nirudishe, au nilete risiti, vinginevyo barua inakwenda kwa mkuu wa chuo. Nikamwambia baba, kijijini hakuna mashine. Akasema, "Wenzako wanazipata wapi?"

Wenzangu wanazipata wapi, nilikuja kujua baadaye. Mmoja tuliyeomba naye alikwenda duka la vifaa vya ofisi, akalipia kidogo, akaandikiwa risiti ya mashine ya vitu ambavyo havijawahi kufika shuleni kwake. Marejesho yake yalipita siku hiyohiyo na awamu ya pili akalipwa. Simlaumu sana, alikuwa anaogopa barua. Lakini tunakwenda kuwa walimu, jamani. Mtoto akinakili kwa jirani tunamkata maksi.

Kwa hiyo nilitaka kuandika: msiombe, kaeni mbali. Nilishaanza kuandika hivyo.

Kisha nikakumbuka ile asubuhi. Kuna binti anakaa nyuma kabisa, mwezi mzima sijamsikia sauti, daftari lake limejaa majibu ya kunakili. Siku ya kwanza ya masanduku, kwa hesabu ileile ya 402 kutoa 178, akavuta mafungu manne ya mia akayapanga mbele yake. Chumba cha makumi kitupu. Kavitazama vile vijiti viwili vya mamoja, kaangalia kitupu, halafu bila kuambiwa akavua kamba ya mia moja, mafungu kumi yakamwagika mezani. Akachukua moja, akavuta mpira kwa meno. Akahesabu. Akasema kwa nguvu mpaka kundi la pili likageuka: "Mwalimu, kumbe ukikosa kwa huyu unakwenda kwa wa mbele yake!" Jibu akaandika 224. Nilitoka nje kidogo nikajifanya natafuta chaki.

Bila ile fedha lile tukio halipo. Huo ndio ukweli, na unaniuma kuusema.

Basi ombeni. Ila kabla ya kupokea senti waulizeni kwa maandishi: risiti ya mkono yenye muhuri wa mtendaji mnaikubali au hamuikubali? Wakijibu kwa mdomo, msikubali. Mimi nilijibiwa kwa mdomo na mratibu, mama mpole sana, kwamba haina shida. Baada ya wiki kadhaa za kumpigia, huyohuyo mratibu alinisaidia, fundi na bodaboda vikapitishwa. Fagio zimekataliwa. Elfu thelathini nimeirudisha kutoka kwenye nauli yangu ya kwenda nyumbani, na awamu ya pili, 160,000, mpaka naandika haijaingia. Sasa nikisoma nilichoandika juu, hilo neno "ombeni" silipendi tena. Ombeni kama mna mtu wa kuwakopesha nauli.

Fedha ya fagio naitaka. Ile haikuwa gharama ya usafi, ile ndiyo ilikuwa somo lenyewe.

Juzi mwalimu wa darasa amenitumia ujumbe. Masanduku yote yapo, moja limelegea pembeni na fundi ameshalipigilia bila kudai kitu. Anataka kutengeneza mengine kwa ajili ya darasa la nne, la maelfu, kwa fedha yake mwenyewe kidogo kidogo. Ananiuliza zile fagio nilinunua kwa nani. Nimempa namba ya yule mama.