Gundi ya stika kwenye kioo cha gari: ipi inaitoa kweli?

Karibuni watazamaji. Leo tunashughulika na kioo cha gari kilichobaki na gundi baada ya stika kutolewa. Sogeza kamera hapa chini, kwenye kona ya kioo cha mbele. Mnaiona hiyo alama ya kijivu? Kioo ni kizima kabisa, hiyo ni gundi iliyokamata vumbi. Ukipitisha kidole unahisi inanata, na maji na sabuni peke yake hayaifanyi kitu. Kulia pale kuna mabaki ya mkanda wa sponji wa pande mbili, ule ulioshika kamera ya dashibodi. Huo ni mnene na mkaidi zaidi.

Mezani nina dawa ya kuondoa gundi yenye mafuta ya maganda ya machungwa, nina WD-40, spiriti, asetoni, mafuta ya taa, mafuta ya kupikia, na wembe. Kabla sijafungua hata kifuniko kimoja, niwaambie ninachokiamini: watu wengi wanaodai dawa fulani haifanyi kazi hawakuipa muda. Wamepulizia, wakaanza kusugua hapohapo.

Iko hivi. Gundi ya stika haikauki ikawa ngumu kama gundi ya mbao. Imetengenezwa ibaki laini siku zote, na ulaini huo ndio unaoiwezesha kunata kwa kubonyezwa tu. Jua likiipiga muda mrefu inabadilika, inashikamana zaidi na kioo, na karatasi ya juu inakuwa dhaifu. Ndiyo maana stika ya zamani ukiivuta inachanika vipandevipande na gundi inabaki. Sasa dawa ya jamii ya mafuta hupenya ndani ya ile gundi taratibu, gundi inavimba, inalainika, inaachia kioo. Kupenya huko kunataka dakika, na mkono wenye nguvu hauwezi kukuharakisha.

Kwa hiyo naanza na karatasi iliyobaki. Dawa haipiti juu ya plastiki au karatasi ngumu, lazima hiyo itoke kwanza. Maji ya vuguvugu na sabuni yanatosha kwa karatasi. Kama juu ni plastiki, washa draya ya nywele, pasha moto kwa umbali huku unaihamisha, halafu vuta polepole ukiilaza karibu na kioo. Ila kama kioo chako kimepigwa na jiwe na kina ufa mdogo, achana na joto sehemu hiyo. Na maji yanayochemka juu ya kioo cha baridi, hapana kabisa, kioo kinaweza kupasuka.

Haya, dawa ya machungwa. Kinachofanya kazi humu ni limonini, mafuta yanayopatikana kwenye maganda, na kwenye chupa nyingi huchanganywa na vimiminika vya petroli. Tatizo la kioo cha gari ni kwamba kimesimama: ukipulizia, dawa yote inateremka kwenye dashibodi na gundi inabaki kavu. Tazameni ninavyofanya. Nachukua karatasi laini ya jikoni, naikunja, nailowesha dawa, naibandika juu ya gundi. Inashika yenyewe. Chini naweka taulo kulinda dashibodi. Tunaiacha kama dakika kumi.

Wakati inafanya kazi yake, tuangalie hizi nyingine. WD-40 ilibuniwa mwaka 1953 kwa ajili ya kufukuza maji na kuzuia kutu, lakini ndani yake kuna vimiminika vya petroli vinavyolainisha gundi vizuri tu. Ukiwa nayo nyumbani, huna haja ya kununua kingine kwa stika moja. Pulizia kwenye kitambaa, usipulizie ovyo ndani ya gari. Mafuta ya kupikia nayo yanafanya kazi, hasa kwa gundi nyepesi, ila yanachelewa sana. Mafuta ya taa yanaweza, lakini harufu yake itakaa na wewe garini, na mimi siyapendi kwa sababu hiyo.

Asetoni ina nguvu, hilo sikatai. Lakini inakauka upesi kabla haijapenya, na tone likianguka kwenye plastiki ya dashibodi, kwenye rangi ya gari au kwenye taa za mbele za plastiki, alama yake haifutiki. Mvuke wake pia unashika moto hata kwenye baridi kali. Naiweka kwa kazi moja tu, supagluu iliyogandia kioo, na hapo natumia kijiti cha pamba, milango yote ikiwa wazi. Kwa stika, iacheni.

Turudi kwenye kioo. Natoa karatasi... oneni! Gundi imegeuka kama ute, inajikunja yenyewe chini ya kadi ya plastiki. Sijatumia nguvu yoyote. Ile ya mkanda wa sponji imelainika juu tu, kwa hiyo naikwangua tabaka la kwanza na kuilowesha tena. Hii itataka mzunguko wa pili, na hiyo ni kawaida.

Sasa wembe, maana najua mnausubiri. Kwenye kioo kitupu cha mbele wembe ni chombo kizuri sana, ukifuata masharti. Kioo kioshwe kwanza. Sababu ni mchanga: kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs kioo kiko karibu 5.5, na chembe za mchanga wa kwatsi ziko 7. Chembe moja ikinaswa chini ya wembe, inachora kioo. Wembe uwe mpya, kioo kiwe kimelowa, ulaze wembe karibu nyuzi 30, usukume mbele tu. Usiuburute kurudi nyuma. Ukifika mwisho, inua.

Kioo cha nyuma ni habari nyingine kabisa, na hapa naomba mnisikilize. Ile mistari myembamba ya kuondoa ukungu imechapwa upande wa ndani wa kioo. Wembe ukikata mmoja, mstari huo hautapasha joto tena. Kwenye magari mengine antena ya redio nayo imechapwa humohumo. Hapo tumia kadi ya plastiki tu, ukifuata urefu wa mistari, usiikate katikati. Na kama kioo kina tinti unayotaka ibaki, basi wembe, asetoni na amonia zote zikae mbali. Maji ya sabuni na subira. Kama ni tinti ya zamani unayoitoa, mashine ya mvuke inalegeza filamu na gundi yake kwa pamoja. Wanaotumia amonia kwa kazi hiyo, wafungue milango, na wasiichanganye kamwe na dawa ya klorini ya kufulia, gesi inayotoka ni sumu.

Gundi imetoka, lakini kazi haijaisha, na hapa ndipo wengi wanaharibu. Kila dawa ya mafuta inaacha utando. Mchana hauuoni. Usiku, taa za gari linalokuja zikiupiga, mwanga unasambaa kioo kizima na barabara inapotea. Kwa hiyo naosha kwa sabuni ya vyombo, nafuta, halafu ndipo spiriti inapoingia: kitambaa safi cha maikrofaiba, spiriti kidogo, nageuza upande kila kinapochafuka. Kwa kuyeyusha gundi nene spiriti ni dhaifu, kwa kumalizia haina mpinzani. Kisha pumulia kioo. Ukungu ukitanda sawasawa, ni safi. Ukiona mabaka, rudia sabuni.

Kama ulifanya kazi upande wa nje, pitisha spiriti kwenye raba za waipa pia, la sivyo zitayarudisha mafuta yote kwenye kioo mvua ya kwanza ikinyesha. Vitambaa vilivyolowa dawa visibaki ndani ya gari juani. Kwenye maoni niandikieni kioo chako kina gundi ya nini na kama kina tinti, nikuelekeze uanze na ipi.