MikroTik hEX (RB750Gr3) kwa duka na ofisi ndogo

Wengi hununua hEX bila kuuliza, wakifika nyumbani wanatafuta Wi-Fi hawaioni. Haina. Ni ruta ya waya: poti 5 za gigabiti, RAM MB 256, hifadhi MB 16. Poti zake hazitoi umeme kwa kamera, kwa hiyo kamera za PoE, zinazopokea umeme kupitia waya wa mtandao, zitahitaji swichi ya PoE.

Sababu ya kuinunua ni moja: kutenganisha vifaa. Kamera iliyoachwa na nenosiri la kiwandani haifai kukaa mtandao mmoja na kompyuta ya mauzo. Fungua WinBox, programu ya MikroTik ya kusimamia ruta, nenda Bridge > Ports, ondoa ether5, yaani poti ya tano; zinazobaki kwenye bridge ni kundi la poti za mtandao wa ndani. Ipe ether5 anwani 192.168.50.1/24, kisha ili kamera zipewe IP zenyewe nenda IP > DHCP Server > DHCP Setup. Kwenye IP > Firewall ongeza kanuni ya forward (trafiki inayopita ndani ya ruta), kutoka ether5 kwenda bridge, drop (itupwe), na iwekwe chini ya ile inayoruhusu established na related, yaani majibu ya mawasiliano yaliyokwisha kuanzishwa. Hapo kompyuta ya kaunta itaziona kamera, kamera hazitaweza kuanzisha mawasiliano na kompyuta.

Wengi hukwama baada ya hapo. Kamera inapata IP lakini haifiki popote kwa jina. Mipangilio ya kiwandani hutupa kila kinachoingia kwenye ruta kisichotoka orodha ya LAN (poti za ndani zinazoaminika), na ether5 haimo, hivyo maombi ya DNS, ya kugeuza jina kuwa anwani ya IP, yanakufa mlangoni. Usiiongeze ether5 kwenye LAN, maana utakuwa umezifungulia kamera hadi ukurasa wa kuingilia ruta. Ruhusu poti 53 tu, UDP na TCP, kwenye input (trafiki inayoingia kwenye ruta yenyewe), juu ya kanuni ile ya kutupa.

Umeweka Simple Queue, kikomo cha kasi, ya Mbps 5 kwa wageni na bado wanamaliza laini yote? Ni FastTrack, kanuni ya kiwandani ya njia ya mkato, pakiti zake hazipiti kwenye queue. Zima kanuni hiyo, ukijua prosesa itabeba mzigo zaidi.

Poti ya USB inakubali modemu ya 4G ya akiba, jambo zuri faiba inapokatika. Ila check-gateway=ping, mpangilio wa kukagua kama njia iko hai, hupima kifaa cha jirani tu. Faiba ikikatika mtaa wa pili, boksi la mtoa huduma linaendelea kujibu na ruta haihamii 4G. Njia ipimwe kwa anwani ya mbali, mfano 8.8.8.8 ya Google.

Umeme inapokea volti 8 hadi 30, kwa hiyo UPS ndogo ya volti 12 inaitosha.

Ya mtumba ikague toleo la RouterOS, mfumo endeshi wake, kabla ya kuiunganisha na intaneti: hadi 6.42 lina tundu la WinBox la mwaka 2018 linalotoa nywila. Na ukikuta hEX mpya, E50UG, kwa bei inayokaribiana, chukua hiyo. RAM yake ni MB 512.