TAHADHARI: waya za umeme za "bei ya kiwandani" mnazoletewa na boda, kateni kipande muangalie ndani kabla hamjalipa

Wadau mnaojenga mdogomdogo, mnaoongeza chumba cha uani, mnaobadilisha wayaringi ya nyumba ya zamani ya mzee, hii inawahusu. Kuna jamaa anauza roli za waya wa 2.5 (yaani milimita za mraba, ule wa soketi) mtandaoni, Dar na Pwani analeta mpaka mlangoni, mikoani anatuma kwa basi, bei karibu nusu ya unayoikuta dukani, na maneno matamu kwamba yeye anachukua mzigo moja kwa moja kwa hiyo hana mtu wa kati. Jina simtaji, maana jina lenyewe analibadilisha kama shati, ila mchezo wake nauanika wote hapa.

Ule waya sio shaba. Ni aluminiamu iliyopakwa shaba juu. Na bado sio hilo tu, ukubwa ulioandikwa sio uliomo, na urefu nao wamepunja. Yaani kwenye roli moja umepigwa mara 3, na ukilalamika anakwambia fundi wako kaunga vibaya.

Mimi nilichukua kwa ajili ya vyumba vya uani, fundi akavuta, taa zikawaka, soketi zinafanya kazi, kila mtu kafurahi. Mpangaji akaingia na birika lake la umeme na pasi, maisha yanaendelea. Baada ya muda akaanza kusema kuna harufu ya plastiki inaungua jioni, tukadhani ni jalala la jirani. Mpaka soketi ya jikoni ikaanza kugeuka rangi ya chai ya maziwa pale kwenye tundu la kulia. Tukazima main swichi, nikafungua ile soketi, dah. Plastiki ya waya imekauka imekuwa ngumu kama ganda la muhogo, nikiukunja kidogo tu inapasuka, na pale ulipobanwa na skrubu waya umelegea unacheza wakati fundi aliukaza mbele ya macho yangu. Nikaukwangua na wembe, juu nyekundu safi kabisa, ndani mweupe kama sufuria.

Sasa cha kuwatisha zaidi, breka haikukata hata mara moja. Hapa ndipo wengi wanajidanganya, "si kuna sakiti breka, ikizidi itakata". Fanya hesabu ya mtu wa kawaida: birika la wati 2000 kwenye umeme wa volti 230 linavuta kama ampea 9, weka pasi ya wati 1200 hapo ni kama 5, jumla 14. Breka ya soketi ni ya 20. Kwa hiyo breka imekaa zake inaona kila kitu shwari, ndio kazi yake, inajua ukutani kuna waya wa 2.5 wa shaba wa kubeba mzigo huo. Haijui kwamba umewekewa kitu kingine. Aluminiamu inapitisha umeme kama asilimia 60 tu ya shaba, na huo waya wangu nilipoupima unene ulikuwa ni 1.5 iliyovalishwa plastiki nene ili ionekane imeshiba. Ukiunganisha hayo mawili, kwa mzigo uleule joto linalozaliwa ndani ya waya ni zaidi ya mara 2 na nusu ya lile la waya halali. Ndani ya paipu, ndani ya plasta, usiku watu wamelala.

Na pale kwenye skrubu ndio kubaya kuliko kote. Aluminiamu ni laini, ukiibana na skrubu inasambaa taratibu halafu kibano kinalegea, na ikipata hewa inatengeneza utando ambao haupitishi umeme vizuri. Kibano kikilegea kinachemka, kikichemka kinalegea zaidi, ndio mwanzo wa ile rangi ya chai.

Najua kuna mtu ataniambia mbona waya za kwenye nguzo za TANESCO ni aluminiamu na hazina shida. Kweli kaka, ila zile zimepigiwa hesabu kama aluminiamu, zimewekwa nene zaidi, zina viungio vyake maalumu na ziko nje zinapigwa upepo. Shida sio aluminiamu, shida ni kuuziwa aluminiamu kwa jina la shaba halafu ikafungwa kwenye soketi iliyotengenezwa kwa ajili ya shaba.

Mchezo anavyoucheza sasa. Anarusha video anakata waya mbele ya kamera, nyekundu mpaka ndani, anauchoma na kiberiti cha gesi hauyeyuki, unaridhika. Ile video ni ya waya mzuri kweli, sema sio anaokuletea. Mzigo unakuja umefungwa nailoni ya kubana, na boda ameshaambiwa mteja asifungue kabla ya kulipa maana "ikifunguliwa hairudi". Unalipa ukishapokea, kwa hiyo unajiona mjanja, hujatuma hela hewani. Boda wa watu hajui chochote, ukimgombeza unamuonea bure. Risiti ni ile ya kuandika kwa mkono, haina TIN (namba ya mlipakodi) haina chochote, chini imegongwa muhuri "mali ikiuzwa hairudishwi". Nilipompigia, kwanza akanilaumu fundi, siku ya pili akasema kuna gredi A na gredi B na mimi nilichagua B kwa sababu ya bei (gredi gani, kwenye tangazo hakuna neno gredi popote), ya tatu akaniblok. Juzi namuona kwa jina jingine, picha zilezile, hadi kidole chenye bandeji kwenye ile video ni kilekile.

Sasa jinsi ya kumkamata kabla hela haijatoka, na hizi njia zinafaa hata kwenye maduka maana huu mzigo umeshaingia na huko.

Cha kwanza, mizani. Hakuna anayefikiria kupima waya kilo ila ndio kipimo kigumu kuliko vyote kudanganya. Mita 100 za waya wa 2.5, shaba peke yake ni kilo 2 na karibu robo, ukiweka na plastiki yake inakaribia kilo 3. Langu niliacha roli moja halijafunguliwa, nikalipeleka kwa mangi hapo kwenye mizani ya mchele, halikufika hata 2. Aluminiamu ni nyepesi, uzito wake hata theluthi moja ya shaba haufiki, hapo hakuna rangi ya kuficha. Kama roli ukilishika linakuja juu kirahisi kama kamba ya katani, lirudishe hapohapo.

Pili, kata kipande na ukikwangue. Usiangalie tu pale penye mkato, koleo ikikata huwa inaivuta ile shaba ya juu inafunika kichwa, unaona nyekundu unadanganyika. Chukua msasa au wembe, kwangua ubavuni mpaka uingie ndani. Ikitoka nyeupe kwa ndani, achana nayo. Ila msichanganye, kuna waya halali wa shaba uliopakwa bati, huo ni kinyume chake, juu mweupe ndani mwekundu, huo hauna neno.

Kama waya ni wa nyuzinyuzi, toa uzi mmoja uweke kwenye moto wa kiberiti cha gesi. Shaba itakuwa nyekundu kwa moto ukiondoa inabaki nzima, sanasana inakuwa nyeusi, maana inayeyuka kwenye nyuzi joto 1085 na kiberiti cha kawaida hakiufikishi waya huko. Aluminiamu ni 660, uzi mwembamba unanyong'onyea na kukatika hapohapo. Kuukunja pia kunasaidia, ukunje na kuurudisha sehemu ileile mara kadhaa, wa kuchakachua unavunjika mapema.

Sumaku nayo naona watu wanatembea nayo Kariakoo wanajiona mafundi. Sumaku inakamata chuma tu. Kama wameipaka shaba juu ya chuma utawapata, ila aluminiamu hainasi kwenye sumaku kama vile shaba isivyonasa, kwa hiyo sumaku kukataa kunasa hakujathibitisha kitu.

Unene: fundi mwenye kalipa (kile kifaa cha kupimia unene) akupimie. Waya wa 2.5 wa uzi mmoja una upana wa milimita 1.78, wa 1.5 ni 1.38. Toa plastiki kwanza ndio upime, usipimwe na ganda. Urefu: huna haja ya kulifungua roli lote, hesabu mizunguko, pima mzunguko mmoja wa katikati kwa futi kamba, zidisha. Na uliza ni mita au yadi, maana yadi 100 ni mita 91 na kidogo tu, kuna wanaouza yadi kwa bei ya mita na hawasemi mpaka uulize. La kwangu hata hizo yadi halikutimia.

Maandishi ya kwenye ganda usiyaamini peke yake. Waya mzuri umeandikwa kila baada ya kipande kidogo jina la kiwanda, ukubwa, volti 450/750 na namba ya kiwango kama IEC 60227. Wa kwangu nao ulikuwa na maandishi, tena na jina la kiwanda nisichokitaja maana na wao ni wahanga, sema nikisugua na dole gumba lenye mate yanafutika. Alama ya TBS (shirika la viwango) ilikuwepo pia, kwenye karatasi ya nje tu.

Na msitegemee ukaguzi wa mwisho uwaokoe. Mkandarasi anayekuja kupima kabla hujaunganishiwa umeme, ile mashine yake inaangalia kama umeme unavuja kupita kwenye ganda na kama ethi (waya wa ardhini) ipo. Ganda la hizi waya likiwa jipya linafaulu vizuri tu. Hakuna kipimo pale kinachosema ndani ni shaba au ni sufuria iliyopakwa rangi.

Kwa ambao tayari mmeshaununua na uko ukutani, msianze kubomoa plasta. Kama ulipitishwa kwenye paipu, ule waya mbovu ndio kamba yako ya kuvutia mpya: zima main swichi, hakikisha na testa, funga waya mpya kwenye mkia wa ule wa zamani, pindisha vizuri uzungushie selotepu ya umeme iwe nyembamba isikwame kwenye kona, mmoja anavuta huku mwingine anasukuma kule. Paka sabuni ya maji kidogo kama paipu ina kona nyingi, ukishapita iache ikauke ndio uunge. Anza na soketi za jikoni na za pasi, taa zinaweza kusubiri kwa sababu taa za LED hazivuti kitu. Huku unatafuta hela ya waya, mwambie fundi atoe breka ya 20 aweke ya 10, inaweza kuwa inakukata ukiacha birika na pasi pamoja kwa muda, utakereka, ila heri ikate. Kuunganisha huo waya na shaba kwa kuvisokota pamoja na kufunga selotepu, hapana kabisa, hiyo ndio sehemu itakayoungua kwanza. Na fundi awe na leseni ya EWURA (mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji), mwombe akuonyeshe.

Niliotoa ukutani nimetengeneza kamba za kuanikia nguo uani, zile sehemu ambazo ganda halijaungua, kwa hilo kwa kweli ni mzuri, haushiki kutu. Lile roli ambalo halijafunguliwa nimelihifadhi na nailoni yake na ile risiti, napeleka TBS, na FCC (Tume ya Ushindani) pia kwa sababu wao ndio wanashughulika na bidhaa bandia. Kama na wewe umepigwa na mtu wa namna hii usitupe mabaki, tunza kipande chenye maandishi, picha za mazungumzo na muamala wa kulipia, uje inbox tupeleke pamoja, mlalamikaji mmoja anaambiwa njoo wiki ijayo.

Na kwa aliyeniuliza kule chini kwenye maoni kama kuna anayemjua muuzaji mwaminifu: simpigii mtu debe. Nenda duka linalotoa risiti ya EFD (ile ya mashine ya kodi), mwombe akukatie mita moja ulipie, kwangua hapohapo kaunta. Akikunja sura, toka.