Unatafuta baiskeli ya kuzungukia Dar? Anza na tairi, rangi baadaye

Wengi tukifika Kariakoo tunaangukia rangi na springi, afu wiki ya pili mgongo unauma. Mimi yalinikuta, nilichukua ile ya springi mbele na nyuma, kila nikikanyaga pedeli inanesa, nguvu zote zinaishia kwenye springi, kutoka Mbagala mpaka mjini nafika hoi. Hizo za bei chee ni nzito halafu zikilegea fremu inaanza kulia. Naiweka ya mwisho kabisa.

Namba moja kwangu ni mtumba yenye tairi za saizi 700, upana wa milimita 35 hadi 40, fremu haina springi popote. Kwenye lami inateleza, ukiingia kichochoro cha mchanga haizami sana, na kwa mtu wa kilo 70 upepo wa psi 50 hivi (kipimo cha kwenye pampu) unatosha kumeza vishimo.

Namba mbili Phoenix, ile ya tairi za inchi 28 kwa moja na nusu. Watu wanaidharau eti ya wauza mkaa, lakini fremu yake ya chuma ni ndefu na uma wa mbele umelala, ndo maana ukipita kwenye rasta, vile vituta vidogo vya barabarani, inabembea tu haikurushi. Ila ukipandisha Kimara uzito wake utaujua.

Tatu, maunteni, yaani ya milimani, tairi za inchi 26, yenye springi mbele tu. Kama kwako ni vumbi tupu, chukua hii. Kwenye lami meno ya tairi yanalia vuuu na unachoka bure.

Nne resa, ile ya mashindano. Tairi za milimita 23 au 25, upepo mkali, kila kokoto unalisikia mkononi.

Na jamani, 26 siyo zote sawa! Baiskeli nyingi za kinamama za Japani ni 26 kwa 1 3/8, rimu yake milimita 590, ya maunteni ni 559, tairi haziingiliani hata fundi avute vipi. Soma namba ndogo ubavuni mwa tairi, mfano 37-590: ya kwanza upana kwa milimita, ya pili kipenyo cha rimu pale tairi inapokaa.

Fremu je, simama bomba la juu likiwa katikati ya miguu, ibaki nafasi ya vidole viwili vitatu kati ya bomba na msamba. Ikiwa ndefu kwako utakuwa unajinyoosha kufikia usukani, mabega yanawaka, na hapo hata tairi nene haikusaidii. Omba uizungushe mtaa mmoja kabla hujatoa hela, muuzaji akigoma nenda duka la pili.